Kwa Mke Mwenzangu, Juu ya Kachumbari ya Embe

Kwako Mwanahawa, uliyekuwa mke mwenzangu,

Sikuanza na neno "mpendwa" kwa sababu ungelicheka. Miaka mitatu tulikaa nyumba moja hapa Zinga, tukapikia jiko moja, na hakuna siku uliyoniita hivyo wala mimi kukuita. Uliniita Dada. Kila asubuhi ulinipa shikamoo, nami nikaitikia marahaba bila kugeuka, nikichochea moto. Majirani walikuwa wakingoja tugombane na hatukuwapa raha hiyo.

Nakuandikia juu ya kachumbari. Najua ni jambo dogo la kumwandikia mtu aliyeondoka miaka saba sasa. Lakini kuna neno langu limo humo, nami nimechoka kukaa nalo.

Baba Saumu alipokuleta kutoka Pangani, mimi nilikuwa naikaribia miaka hamsini. Binti yangu mkubwa alikwisha olewa yuko Mapinga, na Saumu ndiye aliyekuwa amebaki nyumbani. Mume wetu aliniambia baada ya chakula, huku ananawa mikono: "Nimeoa." Aliposema hivyo alikuwa anatafuta taulo. Alisema atakujengea nyumba yako upande wa pili wa kiwanja. Msingi ukachimbwa, ukaota majani, na wewe ukapewa chumba kile kinachotazama uani. Ndivyo tulivyopata kuwa na jiko moja.

Watu hudhani nilikuchukia. Sikukuchukia. Nilikuwa nakutazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekalia kiti chake: si mkosaji, maana hakujua kina mwenyewe, lakini ungependa anyanyuke.

Mwezi wa kwanza hatukuzungumza ila juu ya maji na kuni. Halafu ukaingia msimu wa maembe. Ijumaa moja nilikukuta umekaa kwenye kibao kidogo, una bakuli la kauri mapajani, unamenya embe bolibo ambalo mimi ningeliacha siku tatu zaidi.

"Hilo bichi unalifanyia nini?" nikakuuliza.

"Si bichi, Dada. Limeanza tu kuiva." Ukalibonyeza kwa kidole gumba kunionyesha. "Likibonyea hivi na hivi, hilo ni la kula. Likigoma kabisa, la achari. La kachumbari ni hili la katikati."

Nilisimama pale nikijifanya natafuta mwiko. Ulilikata vipande vidogo vya kadiri ya kucha, vyote sawasawa. Kitunguu ulikikata kwa wembamba, ukakifikicha kwa chumvi, ukakisuuza mara mbili mpaka maji yakawa meupe na ukali umekwenda zake. Tango ulilitoa mbegu. Nanasi ulilikatia kwenye kibao cha peke yake, ukaliweka kwenye chujio lidondoke, kwani maji yake, ulisema, huizamisha kachumbari yote. Pilipili mbuzi moja tu, bila mbegu. Kotmiri hukuikata, uliichana kwa vidole. Nikaona umemaliza, bakuli limejaa, rangi zimependeza, na ndimu na chumvi bado ziko pembeni.

"Mbona hutii chumvi?"

"Bado. Mpaka watu wakae chini kula. Chumvi ikitangulia, embe linalia."

Nilikwambia kwetu kachumbari ni nyanya na kitunguu. Ukasema hata kwenu, ila marehemu bibi yako alikuwa hali nyanya, zikimwasha ulimi, ndiyo akawa anatumia matunda. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza marefu. Nilikuwa nimeishi nawe mwezi mzima na nilikuwa sijui kuwa ulilelewa na bibi.

Baba Saumu alikula siku ile akalamba vidole. Wiki iliyofuata alileta mananasi mawili ya Kiwangwa bila kuombwa. Baada ya hapo kila mgeni aliyekuja alisikia habari ya kachumbari ya bi mdogo. Mimi nilikuwa na pilau yangu ya miaka ishirini na zaidi katika nyumba ile. Nimeipika kwenye harusi, kwenye hitma, kwenye maulidi, na watu wameisifu. Sasa ikawa kitu cha kuliwa pamoja na kachumbari yako. Nilikuwa nikisikia, naongeza mkaa.

Sikupata kukwambia, lakini nilijifunza yote. Nilikuwa nikikuangalia kwa pembe ya jicho mpaka nikajua hata ulivyokamua ndimu: nusu kwanza, unaonja, kisha nusu.

Nije kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa mwaka wako wa tatu, siku wazee wa Dunda walipokuja kumposa Saumu. Wanaume sebuleni, wanawake chumba cha ndani pamoja na Bi Rukia, mama wa kijana. Mimi nilikuwa na pilau, wewe na samaki na kachumbari. Wageni walifika mapema kuliko walivyosema. Wewe ulikuwa umekwisha kata kila kitu, ukafunika bakuli kwa kawa, ukaenda kuswali adhuhuri. Baba Saumu akatoka mara mbili kuja kuuliza chakula kiko wapi.

Nilifunua kawa. Niliona ndimu ziko pale, chumvi iko pale. Nikakamua moja, ganda nikalitupa, nikatia chumvi, nikachanganya, nikafunika. Naapa kwa Mola wangu, nilitia kwa nia ya kusaidia. Nilijua kuwa ilikuwa mapema kidogo, lakini nilidhani sinia zitatoka muda uleule. Kisha nikaitwa ndani kuwasalimu wanawake, nikaenda nikakaa, na sikukumbuka kukwambia.

Ukatoka kuswali. Ukasikia kelele za chakula, ukatia ndimu na chumvi yako kama kawaida, ukapakua. Hukuonja. Siku nyingine zote ulikuwa unaonja, siku ile kwa haraka hukuonja.

Sauti ya Baba Saumu tuliisikia sote. Alikuja mpaka mlango wa uani na bakuli mkononi.

"Mwanahawa! Mnataka kuwalisha wageni maji ya bahari? Miaka mitatu humu ndani hujajua kipimo cha chumvi?"

 Ndani mwanamke mmoja akakohoa. Saumu, aliyekuwa ameketi na ushungi wake mpya, akaniangalia mimi. Nilitazama mkeka.

"Samahani, Bwana," nilikusikia unasema. "Nitatengeneza nyingine."

"Kwa maembe yapi? Toa hii!"

Nilitoka uani kama mtu anayekwenda kuangalia pilau. Ulikuwa umesimama na bakuli. Hukulia. Ulichovya kidole ukaonja, ukaonja tena, kama mtu anayesoma. Embe lilikuwa limekwisha toa maji yote, vipande vinaelea. Ukaniuliza kwa sauti ya chini, wala haikuwa na ugomvi ndani yake:

"Dada, uliitia chumvi nilipokwenda kuswali?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango. Ningesema ndiyo, ningetembea hatua kumi mpaka sebuleni, ningesema, "Baba Saumu, ni mimi, nilitaka kusaidia," na wangecheka, na yangekwisha. Nimelipitia jambo hili mara nyingi. Hatua kumi.

"Mimi?" nikasema. "Sikuigusa."

Ulinitazama kidogo. Kisha ukasema, "Haya," ukamwaga kachumbari kwenye ndoo ya maganda, ukaosha bakuli.

Umekuwa ukijiuliza kwa nini? Mimi nimejiuliza. Niliogopa wakwe wa binti yangu wasiseme mama mtu ndiye aliyeharibu chakula. Hiyo ni sababu ya kweli. Sababu nyingine ni kwamba pilau yangu siku ile ililiwa peke yake na ikasifiwa, na nilifurahi. Sikufurahi sana. Nilifurahi kidogo, kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Nakwambia kwa sababu barua ya kukiri nusu haina maana ya kuandikwa.

Saumu aliolewa. Wewe hukutengeneza tena kachumbari ya matunda. Hakuna aliyekuzuia na hakuna aliyekuomba. Msimu wa maembe ukapita, tukala nyanya na kitunguu. Shikamoo yako ikawa ileile, ila hukuketi tena na mimi jikoni, ulipika ukaenda chumbani. Baba Saumu akaona umepoa, akakuuliza, ukasema huna kitu. Akachukulia kuwa ni kiburi. Mimi nilikuwa na dawa ya jambo lile mdomoni, nikaimeza.

Kisha mama yako akaugua, ukaenda Pangani kumuuguza. Ulipanga nguo zako zote, si za wiki mbili, nami nikaona na sikusema. Baada ya miezi miwili alikuja kaka yako, mtu mpole, akakaa sebuleni akasema dada yake anaomba apewe talaka yake kwa wema. Baba Saumu alikasirika, akakaa wiki nzima, kisha akatoa. Sidhani uliondoka kwa sababu ya chumvi. Kulikuwa na mengine: ile nyumba isiyojengwa, mtoto ambaye hukujaaliwa hapa kwetu, na mume wa kugawana. Lakini nadhani ungeyastahimili hayo kama kungekuwa na mtu mmoja ndani ya nyumba wa kukwambia kweli.

Chumbani mwako niliweka magunia ya mihogo mikavu. Maisha yakaendelea, na siwezi kukudanganya kuwa nilikosa usingizi.

Mwaka jana Baba Saumu alipata kiharusi. Yuko hai, alhamdulillahi, lakini upande wa kulia umelegea, mkono haunyanyuki, na maneno yanatoka moja moja. Mimi ndiye ninayemlisha. Msimu huu wa maembe kuna siku alikataa wali, akakataa uji, akageuza uso ukutani. Nikamuuliza, "Unataka nini basi?"

Akanigeukia. Kisha akasema, "Ile ya Mwanahawa."

Tangu ulipoondoka jina lako halikuwahi kutajwa kwa sauti ndani ya nyumba hii.

Nilitoka nikatafuta embe. Ya kwanza niliyonunua yalikuwa yameiva mno, nikayakata yakawa rojo, nikawapa kuku. Nikarudi barabarani. Nilibonyeza maembe ya yule mama muuzaji mpaka akaniuliza kama nanunua au nayapima homa. Nikapata manne ya katikati. Nanasi dogo la Kiwangwa. Tango, kitunguu, ndimu, pilipili mbuzi moja.

Nilikaa kwenye kibao chako kidogo nikafanya kama nilivyokuona ukifanya. Nilishangaa mikono yangu inajua. Kitunguu nikakifikicha na kukisuuza mara mbili. Nanasi nikaliacha kwenye chujio. Tango nikatoa mbegu. Nikachanganya, nikabeba bakuli mpaka chumbani kwake, nikamkalisha kwa mito, nikamfunga taulo shingoni, ndipo nikakamua nusu ya ndimu mbele yake, nikaonja, kisha nusu, kisha chumvi ya vidole viwili.

Nikamlisha kwa kijiko. Akatafuna polepole, akameza.

"Ndiyo hii," akasema.

Alikula vijiko sita. Kwenye cha saba nikamwambia. Sikupanga. Nilisema tu, "Baba Saumu, siku ya posa ya Saumu, chumvi ya kwanza niliitia mimi. Alipotoka kuswali naye akatia yake. Aliniuliza nikakana."

Akaendelea kutafuna. Nilidhani hakusikia, au amesikia na maneno yanamkawia. Akameza. Akanitazama kwa lile jicho zima.

"Unaniambia mimi wa nini?" akasema. Akapumzika. "Aliyetukanwa ni mimi? Kamwambie mwenyewe."

Kisha akafungua mdomo, anataka kijiko kingine. Salamu za kukuletea hakutoa, na mimi siwezi kukutungia. Pengine zake anazo, ila mdomo wake sasa unafanya kazi ya mambo machache kwa siku.

Namba yako nilipewa na Saumu. Kumbe nyinyi mmekuwa mkisalimiana siku za Idi miaka yote hii, na hakuniambia. Nilikupigia, utakuwa unakumbuka. Nilisikia mtoto analia nyuma yako, na mwanamume anambembeleza. Nikasema ni Mama Saumu wa Zinga. Ukanipa shikamoo kama juzi tu. Nikakuuliza hali ya mama, ukasema alikwisha tangulia mbele ya haki. Nikakupa pole. Nikakuuliza mvua. Tukazungumza habari ya mvua za Pangani na mvua za Bagamoyo, mimi na wewe, dakika nzima, mpaka ukaniuliza, "Dada, kuna neno?" Nikasema, "Hakuna, nilitaka kukujulia hali." Mara ya pili uliniuliza na mara ya pili nikakana. Hapo nilijiona vizuri.

Jumapili iliyofuata wakwe wa Dunda walikuja kumtazama mgonjwa: Bi Rukia, mumewe, na dada wa mumewe, wote wale waliokuwepo siku ile. Saumu naye alikuja na mtoto wake, ambaye sasa anasoma. Nilitengeneza kachumbari, bakuli kubwa. Nilisubiri mpaka wote wameketi ndipo nikatia ndimu na chumvi. Wakala. Bi Rukia akasema, "Mama Saumu, hii mpya! Mkono wa nani huu?"

Nikaona bora niseme sasa, nguvu zisije zikaniishia.

"Ni ya Mwanahawa," nikasema. "Mnamkumbuka, bi mdogo wetu. Na ile ya siku ya posa, iliyokuwa na chumvi hailiki, akafokewa mbele yenu, ile niliiharibu mimi. Nilitia chumvi yeye hayupo, aliporudi akatia tena. Yeye hakukosa. Nilimwacha abebe."

Saumu aliacha kula. Wengine walitazamana.

"Kachumbari gani?" akauliza mume wa Bi Rukia.

"Ile ya siku ya posa."

Akafikiri, akatikisa kichwa. Dada yake alisema anakumbuka pilau, au pengine ilikuwa ni biriani? Hakuna aliyekumbuka. Nikawaeleza mpaka Baba Saumu alivyosimama mlangoni na bakuli, maneno aliyosema, yote. Hawakukumbuka. Nilikuwa kama mtu anayewahadithia mambo ya nyumba nyingine.

Bi Rukia ndiye aliyesema, "Kachumbari siikumbuki, ila huyo mwanamke namkumbuka. Nilimwagikiwa mchuzi wa samaki hapa kifuani, nikaona haya, nitatokaje nje mbele ya wanaume? Akaingia, hakuuliza, akavua kanga yake mwenyewe aliyojitanda akanifunga. Akasema, 'Nenda nayo tu, Mama, usirudishe.' Ninayo mpaka leo. Yuko wapi siku hizi?"

Saumu akajibu kuwa uko Pangani, umeolewa, una mtoto wa kiume. Bi Rukia akasema, "Mungu amkuzie," akachota kachumbari.

Sikuijua habari ya kanga, nilikuwa bado uani na pilau. Ulifanya jambo lile baada ya kufokewa, maana mchuzi ulitoka baadaye. Ulikuwa umetoka kumwaga bakuli, macho yako makavu, ukaingia kwenye chumba kilekile kilichosikia ukitukanwa, ukamsitiri mtu mwingine.

Kwa hiyo nimelazimika kuifikiria barua hii upya. Nilidhani ninakuandikia ili nikusafishie jina kwa watu wa Dunda, na jina lako kwao halikuwahi kuchafuka. Miaka saba nilidhani aibu yako iko kwenye vichwa vyao. Haikuwepo. Ilikuwa kwangu, na ninavyokujua ulivyosema "haya" siku ile, ilikuwa kwako pia.

Saumu ndiye anayeichapa hii ninapomsomea, na ameniuliza kwa nini nisikutumie peke yako kimyakimya. Nimemwambia aiweke wazi huko mtandaoni anakoweka mambo yake, asome anayetaka. Wewe hukufokewa kimyakimya. Baba Saumu nimemsomea tangu juu mpaka hapa. Amesikiliza, hakukataza.

Sikuombi jibu, Mwanahawa, wala sikuombi uje. Una nyumba yako na mtoto wako, na sisi huku ni wazee wawili tunaolishana. Ukisikia siku moja kuwa mmoja wetu ametangulia, usijisumbue na safari, tuombee hukohuko.

Uliniuliza swali la haki nikakujibu uongo, mara mbili. Niwie radhi, mdogo wangu.

Mimi, aliyekuwa mke mwenzio,
Mama Saumu,
Zinga